Uzi: Sayari za "kihistoria" za Star Trek, chombo kikishaondoka wenyeji walibaki vipi?

#1 Nahodha_Kombo

Wakuu salaam.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu nikiwa mdogo, leo nalileta hapa. Walioiona Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za angani, ile ya kwanza ya nahodha Kirk na msaidizi wake Spock (1966 hadi 1969), watazikumbuka zile sayari zilizokuwa kama kurasa zilizochanwa kwenye kitabu cha historia ya Dunia. Ipo ya majambazi wa Chicago. Ipo ya Wanazi. Ipo ambayo Roma haikuanguka kamwe: wana magari na televisheni, lakini watumwa bado wanakatana mapanga, na pambano linarushwa hewani moja kwa moja. Ipo pia ya makundi mawili yaliyopigana karne nyingi, na moja lao linatunza maneno ya katiba ya Marekani bila kuelewa hata mstari mmoja.

Nianze na ninayoijua zaidi, Sigma Iotia II, iliyorushwa 12 Januari 1968. Chombo kinachoitwa Horizon kilipita pale miaka mia moja kabla ya Enterprise, chombo cha Kirk, kikaacha kitabu kuhusu magenge ya Chicago ya miaka ya 1920. Wenyeji ni hodari wa kuiga, wakakifanya msahafu. Kirk anafika anakuta mabosi wanarushiana risasi barabarani. Anawakusanya, anawatisha, anamweka bosi Okmyx juu na mpinzani wake Krako kuwa msaidizi, halafu anawatangazia kwamba Shirikisho, ule muungano wa sayari anaoutumikia, litachukua asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Wakiwa njiani kuondoka, McCoy, daktari wa Enterprise, anakumbuka kwamba ameisahau simu yake ya kukunjua kwa Okmyx. Wanakubaliana kuwa Waiotia wataifungua, watakuta ndani kile kifaa ambacho vyombo vyote vya Shirikisho vimejengwa juu yake. Muziki, mwisho.

Mimi muziki ule haujawahi kunitosha. Sayari nzima imeachwa chini ya bosi mmoja, kodi ya kigeni, na mashine ambayo hawajui itawafikisha wapi. Madai yangu: hakuna aliyewahi kurudi kuwauliza hali watu hawa wa sayari za kihistoria, na huo ndio udhaifu mkubwa kuliko yote wa tamthilia ile. Mwenye hoja aje.

#2 kimya_kingi

Nimekaa. Uzi huu utakuwa mtamu.

#3 Fundi_Saa

Nahodha, nakuheshimu, lakini unatafuta falsafa mahali ambapo jibu liko kwenye daftari la matumizi.

Sayari hizi zilikuwepo kwa sababu zilikuwa rahisi kutengeneza. Studio za Hollywood wakati ule zilikuwa na stoo za nguo za filamu za magenge, za Warumi, za vita, na mitaa ya bandia iliyokwisha kujengwa. Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, alipoliandika pendekezo la tamthilia mwaka 1964 alilisema hilo waziwazi: dunia zinazofanana na ya kwetu zingeokoa gharama. Kwenye orodha ya visa vya mfano alivyoambatanisha kulikuwa na kimoja kuhusu Chicago ambamo Al Capone ameshinda na sheria za genge zimekuwa sheria za nchi. Maana yake majambazi walikuwa mezani miaka minne kabla ya hiyo episodi unayoisema.

Kuhusu kutorudi: televisheni ya Marekani ya wakati ule ilitaka kila episodi isimame peke yake. Baadaye vituo vya mikoani vilinunua mkanda mzima na kuurusha kwa mpangilio wowote. Mtazamaji wa Jumanne asingejua kilichotokea Jumatatu. Ukirudi Sigma Iotia, nusu ya watazamaji wanauliza hawa ni kina nani.

#4 Shangazi_wa_Nyota

Nahodha mwanangu, umesema "hakuna aliyewahi kurudi". Hapo nakusahihisha.

Beta III. Episodi ya Februari 1967. Watu wamevaa kama mji mdogo wa Marekani wa karne ya 19, gauni ndefu na kofia, wametulia kupita kiasi, kumbe wanaongozwa na kompyuta inayoitwa Landru ambayo imekaa pale kwa miaka elfu sita hivi. Kirk anaihoji mpaka inajiua yenyewe kwa mantiki. Anamwacha mtaalamu wa jamii, Lindstrom, na timu yake, awasaidie watu kujifunza kuishi huru.

Sasa nenda kwenye Lower Decks, ile ya katuni, episodi ya mwisho ya msimu wa kwanza, 2020. Ndani ya hadithi imepita zaidi ya miaka mia moja. Chombo Cerritos kinarudi Beta III na kinakuta nini? Watu wamemrudia Landru. Wameiwasha tena kompyuta wanaitii. Nahodha wa Cerritos inabidi aikemee upya kama mtoto aliyerudia kosa.

Mimi pale sikucheka, ingawa wameandika kama kichekesho. Nilijiuliza Lindstrom alikaa muda gani, na siku alipoondoka nani alikabidhiwa funguo.

#5 Nahodha_Kombo

Shangazi, shikamoo. Nimekubali, nafuta "hakuna". Lakini umenipa nguvu badala ya kuniondolea! Mara moja waliporudi, wakakuta mambo yameharibika palepale.

Fundi, hoja ya stoo naikubali kama sababu ya kuzaliwa kwa sayari. Haielezi sababu ya kutupwa. Nguo ziliendelea kuwepo stoo.

#6 Mwl_Mstaafu

Nilifundisha historia sekondari miaka 31, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Nahodha ameziweka sayari zote kapu moja. Nadhani hatuwezi kukisia hatima yake kabla hatujauliza kila moja ilifikaje pale ilipo, maana tamthilia yenyewe ilitoa maelezo matatu tofauti. Kwanza, uambukizo: mgeni ameacha kitu. Hiyo ni Sigma Iotia na Ekos, ile ya Wanazi. Pili, kile walichokiita Sheria ya Hodgkin, kwamba sayari zinazofanana hupitia historia zinazofanana. Hiyo ndiyo sayari 892-IV, ya Warumi, iliyotoka 15 Machi 1968. Tatu, kuhamishwa: jamii ya kale sana, Wahifadhi, ilibeba watu ikawapanda kwingine, kama wale Wahindi Wekundu ambao Kirk aliishi nao akiwa amepoteza kumbukumbu.

Aliyeambukizwa anaweza kupona au kuzidiwa. Anayefuata sheria ya asili ataendelea na ratiba. Aliyehamishwa ataishi maisha yake kama mtu yeyote.

Sasa Ekos. John Gill, mwanahistoria aliyewahi kumfundisha Kirk, anatumwa kuitazama sayari iliyosambaratika. Anaamua kuipa mfumo wa Ujerumani ya Hitler bila ukatili wake, kwa hoja kwamba ilikuwa dola yenye ufanisi kuliko zote. Naibu wake, Melakon, anamlewesha dawa anamfanya sanamu, na sayari ya jirani, Zeon, ndiyo inayopangiwa kuangamizwa.

Kosa la Gill ni la kihistoria kabla ya kuwa la kimaadili. Dola ile HAIKUWA na ufanisi. Ilikuwa rundo la ofisi zilizogombania kazi moja. Göring, mmoja wa wakuu wa Hitler, alipopewa Mpango wa Miaka Minne wa uchumi mwaka 1936 alikanyagana na waziri wa uchumi, Schacht, mpaka Schacht akajiuzulu mwaka uliofuata. Chama, jeshi, SS na wizara, kila mmoja na mamlaka yake juu ya jambo lilelile, na mtu mmoja juu akiwaacha wagombane. Mwanafunzi wangu wa kidato cha sita asingepata alama kwa kuandika kama Gill.

Kwa hiyo utabiri wangu ni mwema kidogo. Mwishoni Gill anakufa, Melakon anauawa, na afisa anayeitwa Eneg anatangaza kwamba mauaji yakome. Nadhani Ekos iliweza kupona, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa na miaka michache tu.

#7 Mtaa_wa_Saba

Mwalimu, hujambo? Naandika kutoka Nairobi.

Kitu kimoja kuhusu hiyo ya Wanazi ambacho watu hawakisemi. Shatner na Nimoy, walioigiza Kirk na Spock, wote ni wa asili ya Kiyahudi. Ilitoka Februari 1968, miaka 23 baada ya vita, na wao ndio waliovalishwa sare zile ili waingie ndani. Ukiwatazama usoni kwenye zile sehemu za sare utaona wamebana taya. Ujerumani episodi hii ilikaa miongo kadhaa bila kuonyeshwa. Kwa hiyo kuna nchi nzima ambapo hata kuitazama mara moja ilikuwa shida, sembuse kuirudia. Naongeza hiyo kwa orodha ya sababu za kutorudi: aibu, na uchungu.

Halafu kwa Warumi mmemsahau dada yetu. Ni nani aliyegundua siri ya sayari ile? Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise. Wenzake wote walidhani watumwa wanaabudu jua. Yeye alikaa redioni akisikiliza matangazo yao, mwishowe akawaambia kwamba si jua la angani, ni Mwana wa Mungu. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanatamkwa sawa. Kwa Kiswahili fumbo hilo halipo kabisa, jua na mwana havikaribiani, kwa hiyo nilipomsimulia mamangu hiyo episodi nilichukua dakika tano kueleza.

#8 kimya_kingi

Na Uhura mwenyewe jina lake limetoka kwa "uhuru". Kwenye episodi ya kwanza kabisa kurushwa, Septemba 1966, yule kiumbe anayekula chumvi anajigeuza mwanamume mweusi anamsalimia kwa Kiswahili. Nimeirudia mara nyingi, sijaambulia neno hata moja. Kama kuna aliyeelewa alichosema aniambie.

#9 Mtaa_wa_Saba

Hakuna, ndugu yangu. Nimejaribu mpaka na spidi ya chini. Labda mwigizaji alifundishwa na mtu ambaye naye hakujua. Ila kuna ile ya 1967 ambapo mashine inafuta kumbukumbu yake yote, na anapofundishwa kusoma upya Kiswahili kinamtoka chenyewe. Matamshi si mazuri sana, lakini mamangu aliposikia aliacha kukata sukuma wiki.

#10 Fundi_Saa

Turudi kwenye mada jamani, tutaishia kwenye sukuma.

Mwalimu, maelezo yako matatu ni mazuri, lakini unayapa uzito ambao waandishi hawakuyapa. Chukua ile ya katiba, Omega IV, 1 Machi 1968. Roddenberry aliiandika mwenyewe, tena ilikuwa moja ya miswada mitatu iliyoshindanishwa kwa ajili ya episodi ya pili ya majaribio, miaka kama mitatu nyuma. Kwenye skrini bendera ya Marekani inaletwa ikiwa imechakaa, Wayang, lile kundi linalotunza katiba, wanakariri maneno yaliyopinda, na hakuna maelezo ya maana yanayotolewa. Ni kitabu? Ni Hodgkin? Ni Wahifadhi? Kirk anasema tu wamefanana na sisi mno, basi. Anawasomea waraka wao, anawaambia maneno yale ni ya kila mtu, hata Wakom, maadui zao, au hayana maana. Anaondoka.

Kama mwandishi mwenyewe hakujali walitoka wapi, atajali vipi wanaenda wapi?

#11 Mwl_Mstaafu

Hapo umenibana, Fundi. Ila ile ya Omega ndiyo inayonipa hofu kuliko zote. Ukimwambia mshindi aliyemwaga damu karne nyingi kwamba sheria yake takatifu inamhusu pia aliyeshindwa, ukaondoka siku hiyohiyo, nani atamlinda aliyeshindwa usiku huo? Wakom walikuwa wameshapoteza vita. Mimi ningemwacha angalau mtu mmoja pale.

#12 Abu_Nawfal

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati. Sikuwa na nia ya kuchangia, ila mnaitesa Star Trek kwa kosa ambalo Stargate SG-1, tamthilia nyingine ya anga, imelirekebisha vizuri.

Kule kila sayari ya kihistoria ina asili moja: viumbe Goa'uld walichukua watu wa Dunia zamani wakawafanya watumwa huko nje, wakajifanya miungu yao. Ndiyo maana kuna Wamisri Abydos, watu wa Kaskazini ya Ulaya Cimmeria, Wagiriki, Wamongolia. Na wanarudi! Cimmeria ni mfano mzuri kwa Nahodha. Mwaka 1997 timu inafika, inakuta nyundo ya Thor, mtambo unaomnasa Goa'uld yeyote anayepita kwenye lango la kusafiria kati ya sayari. Ili kumwokoa mwenzao Teal'c wanauvunja. Wameondoka na furaha. Mwaka 1998, msimu wa pili, wanaitwa tena: kwa sababu mtambo haupo, Goa'uld aitwaye Heru'ur ameingia na jeshi, vijiji vinaungua. Kosa lao limewarudia usoni, na wenyeji wanawaambia hivyo.

Abydos nayo ilivamiwa, ikachukuliwa watu, mwisho 2003 Goa'uld mwingine, Anubis, akaiangamiza kabisa. Watu wake wakanyanyuliwa kuwa viumbe wa nuru. Nililia kwa ajili ya Skaara, yule kijana wa Abydos, kama ndugu yangu.

#13 Nahodha_Kombo

Waalaykum salaam Abu Nawfal. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta! Nyundo ya Thor na simu ya McCoy ni jambo moja. Mgeni amebadilisha kitu kwa haraka yake. Tofauti ni kwamba kule walirudi kuulizwa.

#14 Fundi_Saa

Tofauti ni miaka 30 ya televisheni. Mwaka 1998 watu walikuwa na video, wanarekodi, wanafuatilia mfululizo. Msiwapime wa 1968 kwa kipimo hicho.

#15 Mjukuu_wa_Jenerali

Nimesoma wote kimyakimya, naomba nichangie kwa njia nyingine. Mimi ni wa Pangani.

Mnazungumza kama vile watu wakiiga kitu cha mgeni basi wamepotea, wanangoja mgeni mwingine aje awatengeneze. Kwetu pwani tunao mfano wa kweli: ngoma ya beni. Ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu. Tarumbeta, ngoma kubwa, sare, gwaride. Wakati wa Vita vya Kwanza ikasambaa Tanganyika nzima pamoja na maaskari na wapagazi. Huku kwetu kulikuwa na Marini na Arinoti, Mombasa Kingi na Skochi. Kila upande una mfalme wake, majenerali, madaktari, hata Bismaki! Vyeo vyote vya Kizungu.

Mgeni angeshuka na chombo chake Tanga mwaka 1925 angesema: masikini, hawa wamesoma kitabu cha jeshi la Kaiza wakakifanya msahafu. Angekosea. Ushindani ule ulikuwepo kabla ya tarumbeta. Lamu mitaa ya Mkomani na Langoni ilishashindana kwa ngoma na mashairi muda mrefu. Tarumbeta zilikuwa silaha mpya kwenye ugomvi wa zamani. Na zile beni zilizika wafu, zilipokea wageni mjini, zilisaidia mwanachama aliyefilisika.

Baba yake bibi yangu alikuwa jenerali wa Marini. Hakuwahi kushika bunduki. Bibi anasema kazi kubwa ya jenerali ilikuwa kuhakikisha wapishi wana mchele wa kutosha siku ya karamu, kwa sababu mkishindwa kulisha wapinzani wenu mmeshindwa vita.

Kwa hiyo mimi nawaangalia Waiotia nasema: huenda Kirk hakuelewa alichokiona.

#16 Shangazi_wa_Nyota

Mjukuu, Mungu akuweke. Sijawahi kuiangalia episodi ile kwa jicho hilo.

Na nina ushahidi wa kukuunga mkono ndani ya episodi yenyewe. Mwanzoni kabisa Kirk na wenzake wanatembezwa barabarani wakiwa wameelekezewa bunduki, wanawake wawili wanamsimamisha jambazi Kalo. Mmoja anauliza bosi atatengeneza lini taa za barabarani. Mwingine analalamika gari la kuchukua nguo za kufua halijapita wiki tatu. Wanasema: tunalipa asilimia zetu, tunadai huduma. Barua walimwandikia bosi, ikarudishwa wadaiwe stempu.

Sikilizeni hayo. Hilo si genge, hiyo ni manispaa! Wamechukua nguo na lugha ya Chicago, ndani wameweka serikali ya mtaa yenye ushuru na malalamiko. Kirk alisikia, akapita.

#17 Nahodha_Kombo

Shangazi nimekwenda kuiangalia sasa hivi. Wapo. Sekunde chache tu. Nimeitazama episodi hii labda mara 15 na sikuwahi kuwasikia wanawake wale.

Basi na hii asilimia 40 ya Kirk ni nini, kama wananchi tayari walikuwa wanalipa na taa haziwaki?

#18 Mwl_Mstaafu

Ni mzigo juu ya mzigo. Na nikumbushe kwamba Capone wa kweli hakuangushwa na bosi mwenzake wala na jeshi. Oktoba 1931 alipatikana na hatia ya kukwepa kodi, akafungwa miaka 11. Marufuku ya pombe iliyokuwa ikiyalisha magenge ikaondolewa Desemba 1933. Kwenye Iotia hakuna marufuku wala serikali kuu ya kumshtaki mtu. Kwa hiyo njia ya Chicago ya kutoka kwenye magenge haipo kwao, hata wangekisoma kitabu mara elfu.

Mjukuu, hoja yako nimeipenda, ila nikupinge kidogo. Watu wa beni waliwaona Wazungu kwa macho, walifanya kazi nao, walipigana vitani mwao, waliwajua udhaifu wao. Waiotia walikuwa na kitabu kimoja tu na hawakuwahi kumwona mwenye kitabu. Kitabu hakicheki wala hakilewi. Ndiyo maana unaweza kukiabudu.

#19 Mjukuu_wa_Jenerali

Mwalimu, kweli. Lakini baada ya 1968 wamemwona mwenye kitabu! Kirk amekuja kwa suti ya michirizi, ameendesha gari vibaya, amebuni mchezo wa karata usio na kanuni ili awachanganye walinzi. Wamemwona akidanganya. Nadhani siku ile ndiyo Kitabu kilipoanza kupungua nguvu.

#20 kimya_kingi

Au ndiyo siku walipoanza kumwiga Kirk.

#21 Shangazi_wa_Nyota

Kimya, kwa maneno machache hivyo umegusa jambo ambalo lilikaribia kutokea.

Mwaka 1996 Star Trek ilipotimiza miaka 30, waandishi wa Deep Space Nine, moja ya tamthilia zake za baadaye, walitafuta episodi ya kusherehekea. Wazo mojawapo la mwanzo lilikuwa kurudi Sigma Iotia II na kukuta sayari nzima imeacha Chicago na sasa inaiga Enterprise ya Kirk: sare, salamu, kila kitu. Mwisho wakachagua kurudi kwenye wale manyoya-manyoya wadogo wanaozaana, ikawa episodi inayopendwa sana. Iotia ikabaki kwenye karatasi.

Lakini wazo halikufa. 2022, Prodigy, ile ya watoto. Vijana wanafika kwenye sayari ambako wenyeji wanajiita Waenderprizi. Zamani Garrovick, afisa mdogo kutoka Enterprise ya Kirk, alianguka pale na chombo kidogo Galileo. Akawasimulia. Karne moja baadaye wanaigiza safari za Kirk kama ibada, mavazi ya kushona kwa mkono, majina yamepindapinda. Na chombo kilichozikwa pangoni kinavuja sumu inayowaua. Wenyewe hawajui kwamba kitu wanachokiheshimu ndicho kinachowagonjesha.

Na wanaponywa na nini? Na kuigiza kwao kulekule. Wanapanda chombo halisi, wanashika nafasi zao kama walivyofanya kwenye maonyesho, na wanaweza.

#22 Fundi_Saa

Hiyo Prodigy sijaiona. Nilidhani ni ya watoto nikapita. Naanza usiku huu.

Ila kumbukeni, hiyo ni sayari mpya. Iotia yenyewe bado. Nasimama na hoja yangu ya daftari: kurudi mahali palepale kunadai waigizaji, mitaa, ruhusa. Kubuni pengine ni rahisi. Kuna kipande kimoja tu ninachokijua: 2003, kwenye tamthilia ya Enterprise, ile ya nahodha Archer, yule rubani Mayweather anatembelea chombo cha mizigo cha familia yake, kinaitwa Horizon, na kwenye rafu kuna kitabu cha magenge ya Chicago.

#23 Nahodha_Kombo

Kwa hiyo ndicho chombo kilichokiacha?

#24 Fundi_Saa

Hapana, hicho ni cha mizigo cha kiraia, kile cha Iotia kilikuwa cha serikali. Waliweka kitabu kama salamu kwa wapenzi wa zamani. Tangu hapo watu wanabishana kama kuna uhusiano.

#25 Mtaa_wa_Saba

Swali langu ni lingine. Roma ipo, Ugiriki ipo, Chicago, Wanazi, Wamisri kwa Abu Nawfal. Mbona hakuna sayari ya Kilwa? Hakuna ya Zimbabwe Kuu, wala ya Kongo? Walipojaribu 1987, kwa Next Generation, Star Trek iliyofuata ile ya Kirk, walituletea sayari Ligon II: watu weusi wote, kilemba na ngozi, kiongozi anamteka mwanamke mzungu. Waigizaji wenyewe wameikosoa hadharani kwa ubaguzi. Hiyo haikuwa historia ya mtu yeyote. Ni stoo ya nguo ya Fundi tena.

Mimi sitaki warudi Ligon. Nataka waende mahali ambapo hawajawahi kwenda.

#26 Abu_Nawfal

Sayari ya Kilwa. Misikiti ya matumbawe, dhahabu ya Sofala, sarafu zenye jina la sultani. Ningeiangalia mpaka asubuhi.

#27 Mwl_Mstaafu

Na wangeielezaje? Kwa Hodgkin au kwa Wahifadhi? Mimi nachagua Hodgkin. Weka pepo za kaskazi na kusi kwenye sayari yoyote yenye bahari, bandari zitaota zenyewe.

#28 Nahodha_Kombo

Wakuu, uzi umefika mbali kuliko nilivyotegemea, ahsanteni. Mimi bado naamini walipaswa kurudi. Mjukuu, nina swali la mwisho kwako. Beni iliishaje? Maana hiyo angalau tunaweza kuijua.

#29 Mjukuu_wa_Jenerali

Haikuisha siku moja. Huko Ziwa Nyasa iligeuka mganda, na mpaka leo wanaume wa Mbinga wanaucheza wakiwa na kaptula nyeupe na soksi zilizovutwa vizuri, na vibuyu mahali pa tarumbeta. Mijini vijana walihamia kwenye muziki wa dansi.

Kwetu, nimempigia bibi sasa hivi, ana miaka zaidi ya 90. Nimemuuliza koti la jenerali lilienda wapi. Amesema vifungo vya shaba alivikata mama yake, akavishona kwenye gauni la harusi la dada mkubwa. Koti lenyewe lilikaa msumarini jikoni likiwa la kuvaa mvua ikinyesha, anayekwenda kuchota maji ndiye anayelivaa, hadi mikono ikaoza.

Nimemuuliza kama babake alihuzunika. Amesema yeye ndiye aliyekuwa analivaa zaidi.